Swichi 11 kwa flashi moja: uzoefu wangu na Huawei S5735-S

Miaka yote nimeweka mipangilio ya swichi za mtandao, vile vifaa vinavyounganisha kompyuta na printa za ofisi, nikiwa nimekaa sakafuni, laptopu mapajani, kebo ya konsoli imening'inia kwenye raki, nabandika amri zilezile swichi baada ya swichi. Ukifika ya saba macho yamechoka. Unaandika VLAN (kundi la vifaa ndani ya mtandao) namba 30 palipotakiwa 20, na kesho yake mtu wa stoo anapiga simu kuwa printa haionekani. Kwa hiyo nilipokabidhiwa Huawei S5735-S mpya 11, tisa za jengo moja hapa Mwanza na mbili za tawi la Kahama, niliamua safari hii natumia flashi ya USB, swichi ijisomee mipangilio yenyewe.

Maandalizi yote yanafanyika mezani. Swichi iwe tupu, haijawahi kuwekewa mipangilio, na flashi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa faili wa FAT32. Unaweka humo faili za mipangilio za .cfg, kila swichi na yake, halafu faili ya maandishi inayoitwa smart_config.ini. Hii inaanza na BEGIN LSW na kuishia na END LSW, na katikati unataja kila swichi kwa ESN yake, ile namba ndefu ya utambulisho ya kwenye lebo, pamoja na jina la faili inayoihusu. Hapo ndipo iliponivutia: flashi ni moja kwa zote. Kila swichi inaitafuta namba yake, inachukua kilicho chake, inajizima na kuwaka upya na mipangilio mipya.

Siku ya kwanza haikukubali. Nilichomeka, nikawasha, swichi ikawaka na kubaki tupu. Nilikagua mstari kwa mstari karibu saa nzima, ESN herufi kwa herufi, kumbe laptopu yangu ilikuwa imeficha viishio vya majina ya faili (kama .txt) na faili ilikuwa imehifadhiwa kama smart_config.ini.txt. Washa kwanza viishio vionekane, ndipo uanze kuandika chochote.

Mstari wa TIMESN ndani ya smart_config.ini nao usiupuuze. Kawaida huandikwa tarehe na saa, mfano 20250314.091500. Swichi huikumbuka, kwa hiyo kila unaporudia kazi kwa flashi, badilisha namba hiyo, la sivyo haitashughulika na kilichomo.

Swichi za Kahama sikuzifuata. Nilituma flashi, na fundi umeme wa pale, ambaye mambo ya mtandao si kazi yake, akaichomeka tukiwa kwenye simu.

"Taa ya USB inafanyaje, fundi?"

"Inapepesa, kaka. Kijani."

"Usiiguse. Ikipepesa nyekundu niambie."

Tukasubiri. Swichi ikazima, ikawaka, akasema kijani sasa imetulia. Nikaingia kwenye swichi kwa SSH, njia salama ya kuifikia kwa mbali, kutoka Mwanza, nikaandika amri ya display vlan, na VLAN zote zilikuwepo, kila poti mahali pake. Nauli, posho na siku nzima ya barabarani vilibaki.

Kwa swichi moja au mbili zilizo mbele yako, kebo ya konsoli bado ni haraka zaidi. Zikifika tano, au zikiwa mbali, mimi sirudi nyuma.

Ila flashi hiyo imebeba mtandao wako wote: anwani za IP, akaunti, mpangilio wa kila poti. Ile ya Kahama niliomba irudi kwa basi la jioni ndani ya bahasha iliyofungwa, nikaipokea stendi mwenyewe na kufuta kila kilichomo usiku uleule.