Kambi ya Utange au njia ya Kalobeyei?

Wakimbizi wakija Mombasa, tuwatenge kambini au tuishi nao? Miaka ya 1990, Wasomali waliokimbia vita kwa majahazi waliwekwa kambini Utange, hapa Mombasa. Kambi iliwapa hifadhi, lakini iliwatenga na majirani. Inauma zaidi kwa Wabarawa, watu wa mji wa Barawa, pwani ya Somalia, ambao lugha yao, Chimiini, ni ndugu wa Kiswahili chetu. Watu wa kukaa nao mtaa mmoja! Kambi ilipofungwa, wengi walihamishwa mbali na pwani.

Kalobeyei, makazi ya wakimbizi huko Turkana, ilifunguliwa 2016 kwa mpango ulioishirikisha serikali ya kaunti: mkimbizi na mwenyeji wanatumia shule na zahanati zilezile. Ukame upo, na kusafiri bado kunahitaji kibali. Hata hivyo, naichagua njia hiyo. Kaunti yetu ianze na zahanati na chekechea za pamoja, huduma ambazo katiba ya 2010 imeikabidhi.