Stadi ya milimita 6 kwa gari la fizikia: breki safi, mradi matairi yashike

Kwa wanafunzi wa sekondari hapa Tabora mjini waliopewa mradi wa gari dogo linalosimama lenyewe baada ya umbali uliopangwa, kuna kifaa kimoja kinachostahili hela ya dukani: stadi ya milimita 6, ile nondo nyembamba yenye meno mwanzo mpaka mwisho. Maduka ya vifaa vya ujenzi huiuza kwa urefu wa mita moja. Gari moja linahitaji kama sentimita 20, kwa hiyo makundi manne yakichangia yanapata na akiba.

Stadi ndiyo ekseli ya nyuma. Juu yake inapanda nati ya masikio, na sikio moja linaegemea kijiti kilichofungwa kwenye bodi ili nati isizunguke pamoja na ekseli. Gari likienda, nati inatambaa kwenye meno mpaka igote kwenye nati mbili zilizokazwa pamoja. Hapo ekseli inakabwa na magurudumu yanafunga. Ikitambaa kwenda upande usiotakiwa, hamishia nati za kugotea upande wa pili.

Uzuri wake uko kwenye hesabu. Kwa meno ya kawaida ya stadi hii, kila mzunguko wa gurudumu unasogeza nati milimita 1. Gurudumu la CD lina kipenyo cha sentimita 12, mzingo wake sentimita 37.7. Mita 5 ni mizunguko 13 na robo, yaani nati ianze milimita 13 na robo kutoka kwenye nati za kugotea. Nafasi hiyo usiiweke kwa rula, maana kosa la milimita moja kwenye stadi ni kosa la sentimita 37.7 sakafuni. Gotesha nati kwanza, weka alama ya wino kwenye gurudumu, kisha rudisha gari nyuma ukihesabu mizunguko.

Uzi wa nailoni unaojiviringa kwenye ekseli ni bei rahisi zaidi, ila unavutika, na mizunguko ikipandana hesabu inaharibika. Ekseli ya baiskeli, inayopatikana kwa fundi yeyote, ni imara lakini nzito, na baadhi hazina meno katikati.

Sasa kasoro. Ukishikilia ekseli kwenye bodi kwa mrija wa soda, meno ya stadi yanaula yanapozungukia ndani yake. Tumia kipande cha bomba la antena ya redio chenye tundu linaloipitisha kwa ulegevu kidogo. Tundu la CD ni milimita 15, pana mno kwa stadi, hivyo gurudumu linahitaji washa pana pande zote mbili, na liwekwe katikati kabisa, vinginevyo litayumba. Halafu breki ikikaba ghafla, gurudumu linataka kuendelea kuzunguka na linaweza kufungua nati yake. Nati moja haitoshi. Kaza mbili, au bandika kwa gundi ya kuchanganya.

Ila kinachoangusha magari mengi ni utelezi, wala si nati. Ukingo wa CD ni plastiki tupu, na sakafu ya saruji yenye vumbi la mchanga inauzidishia. Gari linalokwenda mita 1.5 kwa sekunde, uzito wake wote ukiwa juu ya magurudumu yaliyofunga, linateleza kama sentimita 38 kipimo cha msuguano kati ya gurudumu na sakafu kikiwa 0.3, kikifika 0.7 ni sentimita 16 tu. Uzito ukigawanyika nusu mbele, nusu nyuma, umbali huo unafika mara mbili au zaidi, kwa sababu gari likifunga breki linaelemea mbele. Kwa hiyo ivishe CD utepe wa tyubu ya baiskeli, funga betri zilizokwisha juu ya ekseli ya breki, futa matairi kwa kitambaa chenye unyevu kila kabla ya kuachia gari. Tyubu inaongeza kipenyo, basi pima mzingo upya. Umbali wa kuteleza ukishakuwa uleule kila mara, utoe kwenye hesabu: sentimita 16 ni pungufu kidogo ya nusu mzunguko.

Dukani, biringisha stadi juu ya kioo cha kaunta. Inayorukaruka imepinda, iache. Na kabla ya kukatiwa, ingiza nati upande unaobaki na wewe. Msumeno unaponda meno ya mwisho, na nati hiyo ikifunguliwa kutoka nje inayanyoosha.