Bluebook na Khan Academy kwa mtahiniwa wa SAT aliye Nairobi: mafunzo ni mazuri, ratiba ujipangie

Kijana wa Nairobi anayetaka kuomba nafasi ya shahada katika chuo kikuu cha Marekani, hasa chuo chenye ufadhili mkubwa na waombaji wengi, hukutana na SAT, mtihani ambao vyuo hivyo hutumia kuwapima waombaji, akiwa ndiyo kwanza amemaliza KCSE, mtihani wa kuhitimu kidato cha nne, mwili umechoka na akili imezoea mtihani wa aina nyingine kabisa. Vyuo kadhaa bado havidai matokeo hayo, lakini MIT ilirejesha sharti hilo mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Brown na Harvard zikatangaza vivyo hivyo, kwa hiyo mwenye kulenga juu hana budi kujiandaa. Madarasa ya kulipia yapo mjini, na karo zake zinazidi uwezo wa familia nyingi. Swali ninaloulizwa na wazazi mtaani kwetu Buruburu, ambako nawasaidia vijana wachache kila mwaka, ni iwapo zana mbili zisizolipiwa, yaani programu ya Bluebook ya College Board, shirika linaloendesha SAT, na kozi za SAT za tovuti ya masomo ya Khan Academy, zinatosha. Kwa mafunzo na mazoezi, naona zinatosha kabisa. Kazi ya kugawa muda ndiyo zinayomwachia mtahiniwa mwenyewe, na ni kazi nzito kuliko wengi wanavyodhani.

Nianze na Bluebook, kwa sababu ndiyo programu ileile ambayo mtihani wenyewe hufanyiwa. SAT ilihamia kwenye kompyuta mwaka 2023 kwa watahiniwa walio nje ya Marekani, na mwaka 2024 ndani ya Marekani, na sasa huchukua saa 2 na dakika 14 bila kuhesabu mapumziko ya dakika 10 katikati. Sehemu ya Kusoma na Kuandika ina moduli mbili, kila moja maswali 27 kwa dakika 32. Hisabati nayo ina moduli mbili, kila moja maswali 22 kwa dakika 35. Ukigawanya, swali la kusoma linapata sekunde 71 hivi na la hisabati kama sekunde 95. Mtu anaweza kuzisoma takwimu hizi mara mia asizielewe hadi aketi mbele ya skrini na kuiona saa inayohesabu kurudi nyuma, pale juu katikati. Saa hiyo unaweza kuificha ukipenda, ila zikibaki dakika 5 hujitokeza yenyewe. Pembeni mwa kila swali kuna alama ya kuliwekea kumbukumbu ili ulirudie, na ipo njia ya kukata majibu uliyokwisha kuyatilia shaka. Kabla moduli haijafungwa, ukurasa wa mwisho hukuonyesha kwa mkupuo maswali uliyoyaruka na yale uliyoyawekea alama. Mtahiniwa aliyezoea vitufe hivi tangu mapema hapotezi hata dakika moja ya siku ya mtihani akitafuta kilipo kitu gani.

Jambo linalowashangaza wanafunzi wetu ni kikokotoo cha grafu cha Desmos, ambacho kimo ndani ya programu na kinaruhusiwa katika hisabati yote. Mwanafunzi wa KCSE amefunzwa kuonyesha kila hatua, kwa sababu mtahini humpa alama za hatua hata jibu la mwisho likipotea. SAT haioni hatua zako. Inapokea jibu tu, liwe la kuchagua au, kwa takriban robo ya maswali ya hisabati, la kuandika mwenyewe. Nimemtazama kijana mwenye A ya hisabati akitafuta mahali ambapo mchirizi wa y = x² − 4x + 3 unakata mhimili wa x: alichukua karatasi, akaandika vipengele viwili, akahakiki kwa kuzidisha, akafika kwenye 1 na 3 kwa unadhifu wa kupendeza. Mwenzake aliuandika mlinganyo huo ndani ya Desmos na kuzisoma nukta mbili kwenye grafu kabla yule wa kwanza hajamaliza kuhakiki. Kazi ya kwanza si mbaya, na ninaiheshimu, lakini muda uliookolewa ndio unaolipia lile swali gumu la mwisho wa moduli. Kwa hiyo natenga wiki ya kwanza nzima ya hisabati kwa ajili ya kujifunza kikokotoo hicho, kabla ya kugusa mada yoyote.

Kuna habari nyingine ambayo mpangaji wa muda lazima aijue. Moduli ya pili ya kila sehemu huwa ngumu au nyepesi kulingana na ulivyofanya katika ya kwanza, na anayepelekwa kwenye ile nyepesi hawezi kufikia alama za juu kabisa za sehemu hiyo, ambayo hutolewa alama 200 hadi 800. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, basi kuacha nafasi wazi ni hasara tupu. Yote haya Bluebook huyaiga kama yalivyo katika mitihani yake kamili ya majaribio, na ukimaliza hukuonyesha alama pamoja na kila swali na maelezo ya jibu lake. Sijaona kitabu chochote cha mazoezi kinachoweza kufanya hivyo, maana karatasi haiwezi kubadilika kulingana na anayeijibu.

Tatizo ni kwamba mitihani hiyo kamili ni michache, na ukishayaona maswali yake huwezi kuyasahau kwa makusudi. Kijana mwenye hamu huipakua programu Jumatatu, na kufikia Jumapili ameifanya karibu yote, alama zinapanda kidogo, moyo unafurahi, kisha miezi miwili iliyobaki hana kipimo cha kuaminika. Mitihani hii ni ya kupimia, na ratiba nzima inapaswa kujengwa kuizunguka. Wa kwanza ufanywe kabla ya kusoma chochote, ili ujue unapoanzia. Unaofuata usubiri wiki tatu hivi, na iliyobaki iachane kwa wiki mbili au zaidi, mmoja ukihifadhiwa hadi siku kumi hivi kabla ya mtihani wenyewe. Kila mmoja ufanywe asubuhi, kwa mfululizo, mapumziko yakiwa ni yale dakika 10 pekee. Kisha kipindi kizima kinachofuata kiwe cha kupitia makosa, na hapa mimi huwa mkali: kila swali lililokosewa liandikwe daftarini chini ya mojawapo ya vichwa vitatu, nalo ni ama hukulijua, ama ulilijua ukateleza, ama muda ulikuishia. Ni daftari hilo linalosema wiki ijayo isomwe nini.

Hapo ndipo Khan Academy inapoingia. Ushirikiano wake na College Board ulitangazwa mwaka 2014, na kozi zake za SAT, ya hisabati na ya kusoma na kuandika, zimepangwa kwa ngazi tatu: ya msingi, ya kati na ya juu. Video ni fupi, maelezo hayana haraka, na mazoezi hutoa vidokezo hatua kwa hatua pale unapokwama. Kwa upande wa uakifishaji, yaani matumizi ya nukta-mkato, nukta mbili na vistari kwa kanuni kali za Kiingereza cha kuandikwa, sijapata mwalimu wa bure aliye bora zaidi, na ni eneo ambalo wanafunzi wetu huona alama zikipanda upesi kwa sababu kanuni zenyewe ni chache na hurudiwa. Maswali ya kusoma huchukua muda zaidi. Kila kifungu kina maneno 25 hadi 150 na swali moja tu, na aliyezoea ufahamu wa kifungu kirefu chenye maswali mengi huhisi kama anaamshwa kila dakika ili aanze upya.

Kozi hizo zimepangwa kwa mada, wala si kwa kalenda, na mwanafunzi mtiifu huanza somo la kwanza na kuteremka hadi mwisho akitoa muda sawa kwa kila jambo. Huko ni kujipunja. Katika hisabati ya SAT, aljebra huchukua takriban asilimia 35 ya maswali, hisabati ya juu yenye milinganyo ya kwadratiki na vipeo asilimia 35 nyingine, halafu uchambuzi wa data na uwiano karibu asilimia 15, na jiometri pamoja na trigonometria asilimia 15 iliyobaki. Saa zigawanywe kwa mizani hiyo. Aliyetoka KCSE ana bahati ya ziada, kwani mambo mazito aliyoyahangaikia kidato cha nne, kama vile longitudo na latitudo, matriki, na ukokotoaji wa eneo chini ya mchirizi, hayamo kabisa. Ila atakutana na inchi, futi na maili, basi azizoee mapema.

Kuhusu idadi ya saa, mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, si umwekee ratiba ya asubuhi hadi jioni, maana yuko tu nyumbani?" Nilimjibu, "Mama, akikaa hapo siku nzima, baada ya wiki mbili atalichukia hata jina la mtihani." Ratiba ninayoitetea ni vipindi viwili vya dakika 45 kwa siku, hisabati katika kimoja na kusoma katika kingine, siku tano kwa wiki, Jumamosi ikiachiwa mtihani wa majaribio au kupitia daftari, na Jumapili ikiwa ya mapumziko kweli. KCSE huisha Novemba au mwanzoni mwa Desemba, na mtihani wa SAT hufanyika nje ya Marekani mwezi Machi, Mei, Juni, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba. Anayeanza Desemba ana karibu miezi mitatu kufikia Machi, na Mei au Juni inabaki kuwa nafasi ya pili endapo alama hazikutosha. Maombi ya mapema ya vyuo vingi hufungwa kama tarehe 1 Novemba na ya kawaida mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo kuahirisha hadi Oktoba ni kuurundika mtihani juu ya insha za maombi, ambazo nazo zinadai utulivu.

Kwa wakazi wa jiji hili, kasoro kubwa ya Bluebook ni kwamba haifanyi kazi kwenye simu. Inahitaji kipakatalishi cha Windows au Mac, au iPad, au Chromebook inayosimamiwa na shule. Kompyuta ya saiba haifai sana, kwa sababu programu husakinishwa ndani ya mashine na wenye duka hawapendi kuongezewa vitu, na zaidi ya hapo kelele za wanaochapisha vyeti hazimwachi mtu asome. Khan Academy, kwa upande wake, hufunguka vizuri kwenye simu, ingawa video zake zinamaliza bando. Kutokana na tofauti hiyo nimezigawa kazi: video na mazoezi mafupi vifanywe kwa simu, hata ndani ya matatu ya kutoka Kayole au Rongai yakiwa yamekwama kwenye foleni, na kipakatalishi cha kuazima, cha shangazi au cha jirani, kiombwe kwa zile Jumamosi za majaribio peke yake. Mtu ni rahisi kukuazima mashine yake kwa asubuhi moja baada ya wiki mbili kuliko kila siku. Asiye na mahali patulivu aende Maktaba ya Taifa kule Upper Hill, afike mapema, kwa sababu nafasi hujaa.

Intaneti ikikatika katikati ya jaribio, Bluebook huendelea na kuyahifadhi majibu, na muunganisho unahitajika mwanzoni na wakati wa kuwasilisha. Kwa mtaa ambao stima hupotea bila taarifa, hilo limenifanya niiamini programu hii zaidi. Ada ya mtihani wenyewe hulipwa kwa dola, na msamaha wa ada umekusudiwa raia na wanafunzi wa Marekani, basi mzazi aiweke kwenye bajeti tangu Desemba, pamoja na ya kurudia.

Wiki ya mwisho isiwe na mada mpya. Siku tano kabla ya mtihani, Bluebook hufungua maandalizi ya mtihani ndani yake, na ukiyakamilisha hukupa tiketi ya kuingilia. Maandalizi hayo yafanywe kwenye mashine ileile utakayoibeba, siku hiyohiyo yanapofunguliwa, ili kama kipakatalishi cha kuazima kinakataa ubaki na muda wa kutafuta kingine. Betri ijaribiwe nyumbani bila waya kwa saa tatu au nne, na ikionekana dhaifu, omba mashine nyingine mapema badala ya kutegemea kuwa karibu na soketi.