Kunyanyua Forester ya Zamani: Tathmini ya Gereji Moja ya Ndeeba

Subaru Forester ya kizazi cha pili, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, bado inaonekana kila kona ya Kampala. Tangu sheria ya mwaka 2018 ilipopiga marufuku kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa, zilizopo ndizo tutakazoendelea kuzitunza. Yangu ni ya mwaka 2005, injini ya lita 2.0 isiyo na turbo, gia za otomatiki, na kazi yake ni kunifikisha kwa wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, juu ya Sironko na Bulambuli, ambako lami huishia chini na mvua za Machi hadi Mei hugeuza udongo kuwa utelezi. Niliipeleka ili inyanyuliwe na kuandaliwa kwa njia hizo katika gereji moja ya Ndeeba, pembeni mwa Barabara ya Masaka. Gereji yenyewe haina kibao. Wenye Subaru huelekezana kwa mdomo, na uani husikika Kiswahili zaidi ya lugha nyingine, kwa sababu mafundi wametoka Arua, Bombo na upande wa pili wa mpaka wa Kenya.

Kilichonifanya niwaheshimu tangu siku ya kwanza ni kwamba walikataa kulinyanyua gari nililowaletea. Fundi mkuu alizunguka, akabonyeza kila pembe ya gari, akasikiliza, kisha akasema: "Bosi, tukilinyanyua leo, tutakuwa tumenyanyua na magonjwa yake." Gereji nyingi mjini zingenipokea na vipande vya chuma mkononi, zikafunga, zikapokea fedha. Hawa walisisitiza kwamba gari lenye umri huu likarabatiwe kwanza likiwa katika kimo chake cha kawaida, ili baadaye mlio au mtikisiko wowote ukijitokeza ijulikane umetokana na kunyanyuliwa na si na ubovu uliokuwapo. Mimi naona utaratibu huo ndio thamani halisi ya huduma yao.

Ukaguzi wa injini ulifanywa kwa subira ambayo sijaizoea. Kijana mmoja alilala chini ya gari, akafuta kwa kitambaa chenye petroli mshono wa hedi na bloku, upande wa chini ambako injini hizi za pistoni za kulala huanza kuvuja, akaniomba niiache iungurume hadi feni za rejeta ziwashe na kuzima, kisha akapitisha kidole kwenye mshono ule na kukitazama kwenye mwanga. Kilikuwa kikavu upande wa kushoto. Upande wa kulia kilitoka na unyevu mwembamba wa oili, lakini bila maji ya rejeta. Wakati huohuo mwenzake alikuwa akichungulia tangi dogo la maji kuona kama kuna mapovu yanayopanda, dalili ya moshi wa silinda kupenya kwenye njia za maji. Walieleza, na ndivyo ilivyo, kwamba sifa mbaya ya gasketi za hedi inaiandama zaidi injini ya lita 2.5 kuliko hii ya lita 2.0, na wakashauri gasketi zisiguswe bali kava za valvu zibadilishiwe mipira, kwa kuwa oili ile ilikuwa ikishuka kutoka juu. Kazi ndogo na ya bei nafuu ilichukua nafasi ya kazi kubwa ambayo ningeilipia bila kubisha.

Kuhusu mkanda wa taiming hawakukubali mjadala. Katika injini hii mkanda ukikatika valvu zinaweza kugonga pistoni, na kwa sababu mkanda huohuo ndio unaoizungusha pampu ya maji, hakuna maana ya kubadilisha kimoja na kuacha kingine. Walibadilisha mkanda, pampu, tenshena na puli zake kwa pamoja. Maboksi yalifunguliwa mbele yangu, na spea za zamani nilirudishiwa zikiwa ndani ya gunia. Katika mji ambao spea feki huuzwa kwenye boksi linalofanana kabisa na lile la kiwandani, adabu hiyo inastahili kutajwa na kuigwa.

Sasa nije kwenye kunyanyua kwenyewe, ambako kuna mengi ya kusema, na ambako wenye magari wengi hudanganyika.

Njia inayotumika Ndeeba ni kuweka spesa juu ya shokapu, kati ya kichwa cha shokapu na mwili wa gari. Spesa ya milimita 40 huinua gari kwa kiasi kinachokaribia hicho hicho. Haiongezi safari ya shokapu, yaani umbali inaojikunja na kujinyoosha, hata kidogo, wala hailainishi gari. Inalisogeza tu juu, na gharama yake inalipwa na vitu vingine. Sivi jointi, viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu, huanza kufanya kazi zikiwa zimepinda zaidi, na mipira yake huchanika mapema. Magurudumu ya nyuma husogea mbele kwenye matundu yake, kwa sababu mikono inayoyashika kutokea mbele huinama zaidi. Hozi za breki na nyaya za ABS hukazwa gurudumu linaponing'inia. Camber ya mbele, yaani mwinamo wa magurudumu, huharibika, na tairi zikaanza kulika upande mmoja.

Dawa ambayo wengi huitumia ni kuishusha krosimemba, fremu ya chini inayobeba injini au difu, kwa vipande vya kimo kilekile cha spesa, ili shafti zirudi kwenye pembe zake za awali. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya gereji hii. Fundi mkuu alichukua chaki, akachora kwenye sakafu, akanionyesha kwamba kila milimita unayoishusha krosimemba unaipoteza chini ya injini na chini ya difu, yaani mahali hasa panapogonga jiwe. Ukinyanyua mwili milimita 40 na kuishusha krosimemba milimita 40, umepata gari refu la kutazamwa ambalo tumbo lake liko palepale lilipokuwa. Kinachoinua kila kitu kwa pamoja ni tairi peke yake. Kwa hiyo walipendekeza mapatano: spesa za milimita 40 mbele na nyuma, krosimemba ya nyuma ishushwe milimita 20 tu, sehemu za kushikia mikono ya nyuma zishushwe nazo ili gurudumu lirudi katikati ya tundu lake, krosimemba ya mbele iachwe kama ilivyo, na tairi ziongezwe kimo.

Tairi za awali zilikuwa 215/60R16. Tulihamia 215/65R16 zenye meno ya wastani, za kutembelea lami na udongo. Kipenyo kimeongezeka kutoka takriban milimita 664 hadi 686, maana yake gari lote, pamoja na difu na sampu (bakuli la oili), limepanda milimita 11. Spidomita inaposoma 80, mwendo halisi unakaribia 83, jambo la kukumbukwa na yeyote anayepita penye kamera au askari wa usalama barabarani. Nilishawishika kwenda kwenye 215/75R15, ambayo wapenzi wengi wa Forester huitumia, lakini fundi alipinga kwa hoja ya nguvu: injini ya lita 2.0 isiyo na turbo, ikiwa na gia za otomatiki, tayari hulalamika kwenye miinuko ya Elgon, na tairi kubwa zaidi ingeinyima pumzi. Nakubaliana naye kabisa.

Alinionya pia juu ya kitu ambacho kila mwenye Subaru nchini angepaswa kukijua. Katika gari hili magurudumu yote manne yanaendeshwa wakati wote, na kampuni yenyewe inataka mizingo ya tairi isitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Mazoea yetu ya kupasua tairi moja na kununua moja ya mtumba barabarani huifanya klachi ya kati iliyo ndani ya gia boksi, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, isuguane bila kupumzika, hadi gari lianze kugugumia na kushikana linapokata kona kwa mwendo mdogo. Hapo baadhi ya mafundi huchomeka fyuzi kwenye tundu lililoandikwa FWD kwenye chumba cha injini, gari likabaki kuvutwa na magurudumu ya mbele peke yake, na mteja akaambiwa limepona. Forester ya jirani yangu ilitoka gereji nyingine ikiwa hivyo, na mwenyewe hakujua mpaka iliposhindwa kupanda kilima kidogo cha nyasi mbichi. Tahadhari hiyo inahusu pia kununua gia boksi katika soko la spea la Kisekka: uwiano wake wa meno lazima ulingane na wa difu ya nyuma. Kuna za 4.11 na kuna za 4.44, na ukizichanganya hazichukui muda kuharibiana.

Kwa kuwa gari hupanda polepole likiwa na mzigo, waliongeza kipoza oili cha gia boksi mbele ya rejeta na kuzirefusha hozi za kupumulia za gia boksi na difu hadi juu karibu na boneti, ili maji ya kivuko yasifyonzwe ndani vyuma vya moto vinapopoa ghafla. Hozi zilifungwa vizuri, mbali na eksosi, na kila kibano kilikazwa kwa mkono wa mtu anayejali. Taa ya AT OIL TEMP, ambayo zamani ilikuwa ikiniwakia kwenye kilima cha kuelekea Bulambuli, haijawaka tena.

Kasoro zipo, na mbili kati yake si ndogo.

Ya kwanza ni ngao ya chini ya injini. Iliagizwa Katwe kwa wachomeleaji, bati la chuma la milimita 4, imara mno, na imeshapokea mawe ambayo yangepasua sampu. Lakini haina tundu la kumwagia oili wala la kufikia filta, ambayo katika injini hii inafunguliwa kutokea chini. Kila sevisi inalazimu kufungua boliti zote na kushusha chuma kizito ambacho mtu mmoja hakiwezi peke yake. Tena haina nafasi za kutosha za hewa, na matope ya Elgon hujaa juu yake yakakauka kama tofali. Gereji inayofikiria kwa makini kiasi hiki kuhusu pembe za shafti haikupaswa kupokea kazi ya aina hiyo kutoka kwa mchomeleaji bila kuirudisha.

Ya pili ni wili alaimenti, yaani kupima na kunyoosha magurudumu. Hawana mashine, kwa hiyo hulipeleka gari kwa watu wengine, na mara ya kwanza lilirudi likivuta kushoto. Boliti ya juu ya shokapu ya mbele, ile yenye umbo la kukaa pembeni kwa ajili ya kurekebisha camber, haikuwa imeguswa. Alama ya rangi iliyopigwa juu yake ilikuwa nzima. Fundi mkuu alipoonyeshwa hakubishana, akalirudisha mwenyewe na kusimama pale hadi kazi ikaisha, bila malipo ya ziada. Anayepeleka gari lake adai karatasi ya vipimo vya kabla na baada, kwa sababu hawaitoi wasipoombwa.

Muda nao waliukadiria vibaya. Kazi iliyoahidiwa kwa wiki moja iliingia ya tatu, sehemu kubwa ikiwa ni kungoja shokapu za nyuma. Gari langu lilikuwa na zile zinazojirekebisha kimo zenyewe, ambazo zikichoka hulifanya gari liketi chini kwa nyuma, na kuzibadilisha na za kawaida kunahitaji kubadilisha springi vilevile. Spea hizo zilipatikana Kisekka za mtumba kutoka Japani, na tulikataa jozi mbili zilizokuwa zinavuja kabla ya kupata iliyo kavu.

Kwenye barabara zenyewe matokeo ni mazuri. Mitaro iliyochimbwa na maji katikati ya njia, ambayo zamani nilikuwa nikiikwepa kwa kupitisha tairi ukingoni mwa mashamba ya watu, sasa naipita moja kwa moja. Kwenye lami ya kutoka Mbale gari huyumba kidogo zaidi kwenye kona, na upepo wa malori unalisukuma kuliko awali. Dereva apunguze mwendo na kulizoea upya. Penye utelezi mkali, gurudumu moja likining'inia, bado linazunguka bure, kwa maana difu ya mbele haina kifunga, na kukanyaga breki kidogo huku ukiongeza mafuta husaidia kupeleka nguvu upande wa pili. Halijawa Land Cruiser, na gereji haikunidanganya kwamba litakuwa. Kivuko ambacho maji yanapita kitovu cha gurudumu waliniambia nisikiingie, kwa sababu injini inavuta hewa kutokea mbele, na maji yakiingia kwenye silinda hupinda kondo rodi, mikono inayoshika pistoni.

Kazi ya mikono ya kunyanyua, bila spea wala tairi, ilikuwa shilingi 650,000, na matengenezo ya injini yalihesabiwa kando kwenye karatasi yake. Hawapunguzi bei kirahisi, lakini hawaongezi baada ya kukubaliana. Ngao yangu itarudi Katwe mwezi ujao kukatwa matundu mawili, la boliti ya oili na la filta, na fundi mkuu amekubali kulipia uchomeleaji. Atakayeagiza ngao kwao kuanzia sasa achore matundu hayo kwa chaki kabla bati halijakatwa, apige simu kuuliza kama uani kuna nafasi, na afike asubuhi injini ikiwa bado baridi, kwa sababu hawaanzi kukagua mfumo wa maji ikiwa ya moto.