Huduma ya kunyoosha shingo, Dodoma: usafi upo, maelezo hayatolewi

Kliniki hii ya kunyoosha uti wa mgongo, iliyoko Area C jijini Dodoma, ni safi, na bei hutajwa mapema. Kasoro yake ni nzito: mtoa huduma alinishika kidevu na kisogo, akawa tayari kunizungusha shingo kwa ghafla, bila kuniuliza kuhusu shinikizo la damu wala kunieleza madhara yanayoweza kutokea. Maumivu ya misuli au ya kichwa kwa siku moja au mbili ni ya kawaida; lakini mishipa miwili inayopeleka damu kwenye ubongo hupita katika matundu ya pingili za shingo, na msokoto wa nguvu kwenye pingili za juu umehusishwa, ingawa ni kwa nadra, na kuchanika kwa ukuta wa mshipa, damu ikaganda na kuleta kiharusi, hata kwa kijana. Nilikataa kuguswa shingo, nikakubali mgongo tu, na uamuzi huo, niseme kwa haki, waliuheshimu. Anayepata kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito au maumivu mapya makali ya shingo baada ya kunyooshwa awahi idara ya dharura, kwa mfano Hospitali ya Benjamin Mkapa, wala asirudi kliniki kunyooshwa tena.