Matofali ya kichuguu kwa mabweni ya zamani ya Lubumbashi: mazuri, ila yasiunganishwe kwa saruji

Wasalesiani, shirika la wamisionari Wakatoliki, walifika Elisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) mwaka 1911, mji ukiwa na umri wa mwaka mmoja, na shule za bweni za misheni zilizofuata zilijengwa kwa tofali jekundu: kuta nene, barza ndefu, tao juu ya dirisha. Anayekarabati nyumba ya namna hiyo leo atauziwa bloko la saruji au tofali la kuchoma la udongo wa kichuguu. Bloko ni la kujengea uzio.

Tofali la kichuguu linastahili sifa. Udongo wake ni laini na unanata, mawe ni machache, kwa hiyo kingo hutoka nzima na rangi hukaribiana na ya ukuta wa zamani. (Mchwa hula pia mbao za paa, kagua boriti kabla ya kununua hata tofali moja.) Kasoro iko kwenye tanuru. Yaliyo karibu na moto huungua yakapinda, ya pembeni hutoka mabichi, rangi imepauka, na mvua ya Januari huyarudisha kuwa tope. Ya katikati ndiyo mali. Basi usilipie tanuru likiwa bado limefunikwa.

Gonganisha mawili: yalie kwa sauti kali, siyo "pu". Kisha pima moja likiwa kavu, lizamishe majini saa 24, pima tena. La kilo 2.5 likivuka kilo 3, liache. Kuhusu ukubwa, usiamini kalibu ya muuzaji: pima kimo cha mistari 10 ya ukuta wa zamani pamoja na viungo vyake (nafasi zilizojazwa kati ya tofali na tofali), gawa kwa 10, ndipo uagize.

Kazi huharibikia kwenye viungo. Mafundi wengi huviziba kwa saruji kwa sababu hukauka upesi na huonekana imara. Ukuta wa zamani hunywa maji kuanzia Novemba hadi Machi, kisha huyatoa kiangazi kupitia viungo vya chokaa. Ukiviziba kwa saruji, maji hutafuta njia kupitia tofali lenyewe. Chumvi inabaki nyuma ya uso wake, inaganda, na uso unabanduka vipande vyembamba. Ukiona viungo vimesimama mbele huku matofali yamelika ndani, ndicho kilichotokea.

Dawa ni chokaa, na Katanga haina uhaba wake: Kakontwe, kule Likasi, inajulikana kwa mawe ya chokaa. Changanya chokaa iliyozimwa kwa maji ndoo 1 kwa mchanga wa mto uliooshwa ndoo 3. Chimbua kiungo sentimita 2 hadi 2.5 kwa patasi na nyundo. Mashine ya kukatia hula kingo za tofali, na kingo hazirudi. Lowesha ukuta, jaza kwa tabaka mbili, funika kwa magunia mabichi wiki nzima. Upepo wa Agosti ukilikausha tabaka kwa siku moja, litageuka unga chini ya kidole.

Tao lililopasuka katikati lisijazwe kwanza. Angalia mfereji wa paa na msingi ulio chini yake: mara nyingi maji yamelegeza nguzo moja, na ufa utarudi palepale.

Agiza matofali asilimia 15 zaidi ya hesabu; barabara mbovu hula kingo nyingi kabla fundi hajayagusa.