Kabla ya kununua taa ya LED ya tangi la matumbawe, tazama kivuli chake

Tumbawe langu la kwanza la jamii ya Acropora, yale magumu yenye matawi, lilikufa kuanzia chini kwenda juu, na ilinichukua miezi mitatu kutambua kwamba chanzo chake kilikuwa taa niliyoinunua kwa furaha kubwa. Matawi ya juu yalikuwa na rangi ya zambarau iliyokoza na ncha zake ziliendelea kurefuka kila wiki, ilhali kwenye shina nyama laini ilikuwa ikibanduka na kuacha kiunzi cheupe cha chokaa. Nilipima ualkalini, nikapima nitrati na fosfati, nikabadilisha maji, nikatafuta wadudu kwa kioo cha kukuza, na sikuona kasoro. Hatimaye niliazima kipimo cha mwanga kwa mfugaji mwenzangu. Juu ya tumbawe, moja kwa moja chini ya taa, kilisoma 380 kwa kizio cha PAR, ambacho nitakieleza hapa chini. Nilipokiingiza chini ya matawi kilisoma 20, na baina ya sehemu hizo mbili palikuwa na sentimita 12 tu.

Boksi la taa ile lilikuwa limeandikwa kwamba inatosha tangi la sentimita 90, na muuzaji alinihakikishia jambo hilo hilo bila kuniuliza ninafuga nini. Ndiyo maana mwongozo huu unazipanga taa hasa kwa kigezo kimoja ambacho wanunuzi wengi hawakifikirii, yaani ukali wa kivuli kinachoachwa na taa. Kuhusu wati, idadi ya rangi na programu za simu, mengi mno yameshaandikwa, na taa yoyote ya heshima siku hizi inayatimiza hayo.

Tumbawe la tangini hupata sehemu kubwa ya chakula chake kutoka kwa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake na kutengeneza sukari kwa usanisinuru. Mwani huo unatumia vizuri zaidi mwanga wa buluu, hasa kati ya nanomita 420 na 480, kwa kuwa ndio unaopenya kina cha bahari wakati mwekundu unapotea katika mita chache za juu. Matangi yetu yalianza kumulikwa vizuri kwa LED pale tu diodi (chembe ndogo inayotoa mwanga ndani ya taa ya LED) ya buluu yenye nguvu ilipopatikana, uvumbuzi uliowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Kiasi cha mwanga unaofaa kwa usanisinuru hupimwa kwa PAR, ambayo ni idadi ya mikromoli za fotoni zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde. Matumbawe laini hustawi kati ya 50 na 150, Euphyllia (matumbawe yenye minyiri mirefu inayopeperuka majini) na jamaa zake hawahitaji kuzidi hapo sana, na Acropora hupendelea kati ya 200 na 350. Namba hizi utazipata kila mahali, lakini chati nyingi zinazoambatana na taa hupimwa katika tangi tupu, lisilo na jiwe wala tawi la kuzuia mwanga, na hapo ndipo udanganyifu unapoanzia.

Baharini jua linasafiri kutoka upande mmoja wa anga hadi mwingine, kwa hiyo upande wa tumbawe uliokuwa gizani asubuhi hupata mwanga jioni. Maji yenyewe hutawanya mwanga, na mchanga mweupe huurudisha juu kuelekea chini ya matawi. Tangini taa imetulia mahali pamoja kwa saa nane hadi kumi kila siku, na kivuli kinachoangukia shina leo ndicho kitakachoangukia shina hilo mwaka mzima. Taa ikiwa ndogo na diodi zake zimesongamana katikati, miale yote hutoka karibu nukta moja na kivuli huwa kikali kama kilichokatwa kwa wembe. Chanzo cha mwanga kikiwa kipana, sehemu inayokosa miale ya upande huu hupata ya upande ule, na kivuli kinalainika. Wazee wa ufugaji huu waliotumia tyubu nane za T5, yaani tyubu nyembamba za floresenti, za zaidi ya mita moja hawakulijua tatizo hili, na kwa miaka mingi nilidhani kwamba wanaposifia tyubu zao wanaonea tu fahari mambo ya zamani. Sasa nakiri kwamba walikuwa sahihi.

Ubaya wa kasoro hii ni kwamba haionekani mapema. Kipande kipya cha tumbawe chenye urefu wa kidole hakina kivuli cha maana, hivyo mwaka wa kwanza kila kitu kinapendeza. Tumbawe linapotanuka, matawi yake yenyewe ndiyo yanayoliziba shina, na majirani wanaanza kuzibana. Mtu anayesifia taa baada ya miezi miwili ya kuitumia anasema kweli kuhusu alichokiona, ila muda wa kukiona kinachohusika haujafika. Wauzaji wanalifahamu jambo hili na wanalinyamazia, kwa sababu kufikia mwaka wa pili dhamana huwa inakaribia kwisha na mnunuzi analaumu maji yake.

Unaweza kuipima taa kabla ya kutoa fedha yako kwa penseli na karatasi nyeupe. Omba iwashwe rangi zote, weka karatasi sentimita 40 chini yake, kisha shika penseli katikati ya urefu huo. Kivuli kikiwa chembamba, cheusi, chenye kingo zinazokatika ghafla, taa hiyo utahitaji zaidi ya moja. Kikiwa na kingo za nyekundu, kijani na buluu zilizoachana, diodi za rangi mbalimbali hazichanganyiki vya kutosha, na baadhi ya sehemu za tumbawe zitapata rangi moja tu huku nyingine zikiikosa. Kikififia pembeni mpaka usijue kinaishia wapi, hiyo ndiyo taa ya kubeba nyumbani. Muuzaji anayekataa kuwasha taa mbele yako hastahili fedha yako, na nasema hivyo kwa uchungu wa mtu aliyewahi kukubali kununua boksi lililofungwa.

Nafasi ya kwanza naipa ATI Straton, na sifichi kwamba kampuni hii ya Ujerumani naipendelea, kwa kuwa nimetumia tyubu zake kwa miaka kadhaa na sasa bamba lake la LED linaning'inia juu ya tangi langu kubwa. Ni bamba pana ambalo diodi zake zimetawanywa katika eneo lake lote badala ya kukusanywa katika kundi moja, hivyo penseli ikiwekwa chini yake huacha kivuli hafifu. Halina feni. Jambo hilo naliona kubwa kuliko linavyosemwa, kwa maana feni huvuta hewa yenye chumvi inayopanda kutoka majini, chumvi ikaganda kwenye mapanga na saketi, na taa iliyokuwa kimya ikaanza kukoroma. Ubaya wa bamba pana ni kwamba linaziba njia ya mikono unapotaka kufanya kazi tangini, kwa hiyo lining'inize kwa waya zinazoweza kupandishwa. Pia mameto yale yanayocheza juu ya mchanga, ambayo watu wengi huyapenda, hupungua sana. Mimi nimeyaacha bila majuto.

Karibu yake kabisa naiweka Philips CoralCare, ambayo nayo ni bamba pana lisilo na feni, na imebuniwa kwa shabaha ile ile ya kuchanganya rangi kabla mwanga haujafika majini. Ukiipata kwa mtu anayeiuza ikiwa katika hali nzuri, usisite.

Ya tatu ni mseto, yaani fremu yenye tyubu za T5 pembeni na LED katikati. Kwa kigezo cha kivuli pekee ningeipa nafasi ya kwanza, kwa sababu hakuna kinachofika chini ya matawi kama tyubu. Nimeishusha kwa sababu tyubu hizo zinahitaji kubadilishwa kila baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, zinatoa joto, na upatikanaji wake unazidi kuwa mashakani tangu Umoja wa Ulaya ulipozuia tyubu za kawaida za floresenti za T5 na T8 kuingizwa sokoni mwezi Agosti 2023. Mwenye fremu ya tyubu inayofanya kazi asiitupe. Akizipanga fito mbili za LED kati ya tyubu, atakuwa na taa bora kuliko nyingi zinazouzwa leo.

Baada ya hizo ndipo zinakuja taa za makundi, yaani zenye diodi zilizokusanywa pamoja, ambazo ndizo zinazoonekana katika matangi mengi. Radion za EcoTech Marine zimeundwa vizuri, rangi zake ni nzuri na lenzi za matoleo ya karibuni zinachanganya mwanga kuliko za zamani, ila bado kila kundi la diodi ni chanzo kidogo. Ukiwa na nia ya kununua XR30 moja, ambayo ina makundi mawili ndani ya fremu moja, nunua XR15 mbili zenye kundi moja moja uziachanishe, kwa kuwa nguvu inakaribia kuwa ile ile lakini miale inatoka sehemu mbili zilizo mbali na kila taa inaangaza kivuli cha mwenzake. Kanuni hiyo hiyo inafaa kwa AquaIllumination: Prime mbili juu ya tangi la sentimita 60 ni bora kuliko taa moja kubwa iliyowekwa katikati. Kampuni hiyo hiyo ina Blade, ambayo ni ufito mrefu mwembamba usio na feni, na fito mbili au tatu zikipangwa sambamba, moja mbele na nyingine nyuma, zinakaribia sana kazi ya bamba. Fito za Orphek OR3 nazo ni msaada mzuri kwa aliyekwisha kununua taa ya makundi na sasa anaona mashina yakipauka. Badala ya kubadilisha taa yote, aongeze ufito mmoja mbele, karibu na kioo, ili mwanga uingie kwa mshazari.

Kessil naiweka chini ya hizo, na najua kwamba wapenzi wake watanikasirikia. Diodi zake zimebanwa pamoja katika eneo dogo kwa makusudi, na ndiyo sababu rangi zake zinachanganyika vizuri na mameto yake yanafanana na ya bahari halisi kuliko ya taa nyingine yoyote. Lakini mwanga unaotoka sehemu ndogo namna hiyo huacha kivuli kikali, na hilo halina dawa ila kutumia taa mbili au tatu. Kwa tangi la matumbawe laini na Euphyllia, ambayo hayahitaji mwanga mwingi, ningeinunua bila wasiwasi. Kwa Acropora zinazotanuka kama meza, hapana.

Taa za masanduku meusi ya bei rahisi yasiyo na jina hutosha kufugia matumbawe laini. Diodi zake zimeachana na kila moja ina lenzi yake nyembamba, hivyo karatasi nyeupe itakuonyesha madoadoa ya rangi, na sina zaidi la kuyasemea.

Nina lalamiko moja ambalo siwezi kulinyamazia. Taa ya bei ya juu inauzwa bila kishikio cha kuifunga, kisha kishikio kinauzwa peke yake, na kisambaza mwanga ambacho kingepaswa kuwa ndani ya taa tangu mwanzo nacho kinauzwa peke yake. Kwa maneno mengine, mnunuzi analipia kasoro mara mbili: kwanza anailipia taa yenye kivuli kikali, halafu anailipia plastiki ya kukilainisha. Na maandishi ya boksini yanayosema taa moja inatosha tangi la urefu fulani hayaelezi kwamba urefu huo ni wa eneo linaloonekana kuwa na mwanga kwa macho yetu, wala si eneo ambalo tumbawe linaweza kuishi. Katika tangi langu la awali pembe zilisoma chini ya 60 wakati katikati palizidi 350, na bado kwa macho palionekana pameangazwa sawasawa, kwa kuwa macho yetu huzoea giza hatua kwa hatua.

Kabla ya kupanga mawe, azima au kodisha kipimo cha PAR. Apogee MQ-510 imetengenezwa kwa matumizi ya majini na inasoma mwanga wa buluu ipasavyo, tofauti na vipimo vya zamani vilivyokuwa vikiupunguza. Usipime katikati tu. Pima pembe zote nne, kisha ingiza kipimo chini ya kila tawi kubwa na andika namba hizo kwenye mchoro wa tangi. Tumbawe nililopanda baada ya lile lililokufa linasoma 260 juu na 110 chini ya matawi, na shina lake limeanza kutambaa juu ya jiwe pande zote.

Ukihamia kwenye bamba pana, anza na nusu ya nguvu au chini yake na uongeze asilimia tano kila wiki, kwa maana sehemu za tumbawe zilizoishi kivulini kwa muda mrefu hupauka zikikutana ghafla na mwanga ambao ncha za juu zimeuzoea tangu zamani. Ukiona shina linageuka rangi na kuwa jeupe kidogo huku polipu zake (vinywa vidogo vyenye minyiri) bado zikitoka, rudisha nguvu nyuma kwa asilimia kumi, subiri wiki mbili, na usilisogeze tumbawe lenyewe.